Tindikali za Majitaka ya Mifugo: Kutoka Balaa Hadi Malighafi

Majitaka ya mifugo ni mchanganyiko wa mkojo, kinyesi, maji ya kuoshea banda na chakula kilichomwagika. Yakifungiwa mahali pasipo hewa huchacha yenyewe, na kabla hayajatoa gesi ya kutosha kuwasha jiko huwa yamejaa tindikali za kikaboni: asidi ya asetiki, ambayo ndiyo ukali wa siki, asidi ya propioniki, asidi ya butiriki, yenye harufu ya siagi iliyovunda, na nyingine zenye mnyororo mrefu zaidi wa kaboni. Mtu anayepita karibu na banda kubwa la nguruwe huzinusa tindikali hizo, hata kama hazijui kwa majina.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 tindikali hizo zilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mtambo wa kuozesha majitaka. Msimamizi aliyeona kiwango chake kinapanda alimwaga chokaa na kusubiri. Leo wapo wataalamu wanaofanya kinyume chake: wanauzuia mtambo usitoe gesi ili tindikali zibaki, maana ni malighafi ya plastiki, ya viyeyusho, ya chakula cha bakteria wengine na hata ya viambato vya dawa. Mageuzi hayo hayakuletwa na ugunduzi mmoja. Yalipitia maabara za Ulaya, vita, tumbo la ng'ombe na mabwawa ya kinyesi yaliyopasuka.

Wachunguzi wa mwanzo walivutwa na gesi. Mwaka 1776 Alessandro Volta alikoroga tope la kingoni mwa Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia, akakusanya mapovu na kuyawasha. Mwaka 1808 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kwamba gesi hiyohiyo hutoka kwenye samadi ya ng'ombe inayooza. Mwaka 1884 Ulysse Gayon, mwanafunzi wa Louis Pasteur, alichachusha samadi katika joto la nyuzi 35 akapata gesi nyingi kiasi cha kumfanya mwalimu wake afikirie kuwashia taa za barabarani. Gesi hupanda juu yenyewe, huonekana kwa mapovu na huwaka. Tindikali hubaki zimeyeyuka majini, haziwaki, na zinanuka. Si ajabu zikasahauliwa.

Lakini si kwamba hazikujulikana. Mwaka 1861 Pasteur alipochunguza uchachukaji unaozaa asidi ya butiriki aligundua kuwa vijidudu vinavyoifanya kazi hiyo huishi bila oksijeni, na kwamba hewa huvidhuru. Wazo kwamba kuna uhai usiohitaji hewa lilizaliwa hapo. Katika miaka ya 1880 Hermann von Tappeiner wa Munich alionyesha kuwa majani yanapooza ndani ya tumbo la mnyama anayecheua hutoa asidi za asetiki na butiriki pamoja na gesi. Jina la Tappeiner linafaa kukumbukwa, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 yeye huyohuyo alianzisha uchunguzi wa vitu vinavyoua chembe hai vikipigwa na mwanga, na njia hizo mbili za utafiti wake zilikuja kukutana miongo mingi baada ya kifo chake.

Mwaka 1906 Nicolaas Söhngen, kijana wa Delft nchini Uholanzi, alieleza katika tasnifu yake kwamba methani hutokana na asidi ya asetiki kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine na haidrojeni ikiungana na kabonidioksidi. Maana yake ilikuwa kubwa: tindikali si mwisho wa uozo, ni kituo cha njiani. Mwaka huohuo Mjerumani Karl Imhoff alisajili hataza ya tangi lake la ghorofa mbili, ambamo tope la majitaka ya mji lilishuka chini na kuoza taratibu. Matangi ya aina hiyo yalienea haraka Ulaya na Marekani, na pamoja nayo kikaenea kilio cha wasimamizi: tangi jipya, au lililolishwa kupita kiasi, lilichacha, likatoa povu na uvundo, na gesi ikakoma. Dawa ilikuwa chokaa.

Wakati wahandisi wa miji wakipambana na tindikali, upande mwingine wa Marekani zilikuwa zinatengenezwa kwa makusudi. Vita Kuu ya Kwanza ilihitaji asetoni ya kutengenezea kodaiti, baruti ya mizinga ya Waingereza. Mnamo 1916 kampuni ya Hercules Powder ilijenga kiwanda Chula Vista, karibu na San Diego, kilichovuna mwani mkubwa wa Bahari ya Pasifiki, kikauchachusha ndani ya matangi makubwa ya mbao kwa kutumia bakteria waliokuja wenyewe na mwani, na kuongeza chokaa kila tindikali zilipozidi. Kilichopatikana kilikuwa chumvi za kalisi za asetiki, propioniki na butiriki. Chumvi ya asetiki ikichomwa hutoa asetoni. Hapakuwa na bakteria aliyetengwa na kusafishwa, wala tangi lililochemshwa kuua vijidudu vya nje. Vita vilipokwisha, bei ya asetoni ilianguka na kazi hiyo ikafa. Kiwanda hicho hakikugusa kinyesi hata kidogo, ila ndicho kilichothibitisha kwamba mchanganyiko wa bakteria wasiojulikana unaweza kuzalisha tindikali kwa wingi wa kiwanda. Kilithibitisha pia kuwa hilo hulipa pale tu mnunuzi asipojali bei.

Kwenye mitambo ya majitaka mabishano yaliendelea. Arthur Buswell wa Illinois, mmoja wa waliojenga elimu ya uozo usio na hewa katika miaka ya 1930, alishikilia kwamba tindikali zikipita miligramu 2,000 kwa lita huwa sumu na huua kazi ya mtambo. Kanuni hiyo ikaandikwa na kufundishwa. Mwaka 1961 Perry McCarty na Ross McKinney walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba tindikali zenyewe hazina lawama hiyo. Kinachodhuru ni kushuka kwa kipimo cha pH, au wingi wa chumvi unaoletwa na dawa zilizomwagwa kuzipoza. Kwa maneno mengine, mara nyingine aliyeuumiza mtambo alikuwa tabibu wake. Kuanzia hapo ilieleweka kwamba bakteria wanaweza kuishi ndani ya tindikali nyingi mradi ukali wake umetulizwa, na mlango wa kuzizalisha kwa makusudi ukawa wazi, ingawa haukupitiwa mara moja.

Funzo lingine lilitoka ndani ya mnyama. Mwaka 1944 Joseph Barcroft, R. A. McAnally na A. T. Phillipson wa Cambridge walionyesha kuwa tindikali zinazozalishwa katika tumbo la kwanza la kondoo hufyonzwa kupitia ukuta wa tumbo hilo na kuingia kwenye damu. Kondoo, mbuzi na ng'ombe hawaishi kwa sukari ya majani. Wanaishi hasa kwa tindikali ambazo bakteria wanatengeneza kutokana na majani hayo, na sehemu kubwa ya nguvu za ng'ombe, yapata asilimia 70, hutoka huko. Mmarekani Robert Hungate ndiye aliyewafuga bakteria hao nje ya tumbo, kwa mbinu ya mirija iliyofukuzwa hewa yote ambayo bado inatumika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi Afrika Mashariki, akilinganisha uchachukaji katika matumbo ya wanyama wa huku, wakiwemo ng'ombe aina ya zebu na wanyama wa porini. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1959, na mlinganisho wa zebu na ng'ombe wa Kizungu ukafuata mwaka 1960.

Tumbo la ng'ombe linastahili kutazamwa na kila anayetaka kuvuna tindikali. Hapo pana joto la nyuzi 39, chakula hakikai muda mrefu, mate yenye bikaboneti hutuliza ukali mchana na usiku, na tindikali huondolewa na damu punde zinapotengenezwa. Viumbe wadogo wanaogeuza asidi ya asetiki kuwa methani hukua polepole, huchukua siku kadhaa kuongezeka maradufu, hivyo husukumwa nje kabla hawajaota mizizi. Methani ambayo ng'ombe huicheua hutokana hasa na haidrojeni na kabonidioksidi, wala si kwa kuliwa kwa tindikali zake. Mambo hayo manne, yaani joto, muda mfupi, utulizaji wa ukali na uondoaji wa haraka, ndiyo ambayo wahandisi walikuja kuyaiga. Matatu ya kwanza waliyaweza. La nne bado linawatoa jasho.

Nadharia ilikamilika mwaka 1967. Bakteria aliyekuwa akiitwa Methanobacillus omelianskii, kwa heshima ya Vasily Omelianski wa Urusi, alidhaniwa kuwa kiumbe kimoja kinachogeuza pombe kuwa methani. Marvin Bryant na wenzake waligundua kuwa ni viumbe wawili: mmoja hugeuza pombe kuwa asidi ya asetiki na haidrojeni, wa pili hula haidrojeni na kutoa methani. Wa kwanza hawezi kuendelea kama wa pili haondoi haidrojeni hiyo. Kwa hiyo uozo wa samadi ni kazi ya makundi yanayotegemeana: wanaovunja nyuzi na protini, wanaochachusha sukari na kutoa tindikali, wanaozipunguza tindikali ndefu kuwa asetiki, na wanaotoa methani. Kundi la mwisho likizuiwa, tindikali hurundikana. Miaka minne baadaye, 1971, Frederick Pohland na Sambhunath Ghosh walipendekeza kuyatenganisha makundi hayo katika matangi mawili: la kwanza dogo, lenye pH ya chini, ambamo maji hukaa siku chache na kutoa tindikali, la pili kubwa, la methani. Shabaha yao bado ilikuwa gesi. Lakini tangi la kwanza lilikuwa tayari ni kiwanda cha tindikali, kilichokosa tu mtu wa kufunga bomba la kwenda kwenye tangi la pili.

Samadi iliingia katika historia hii kwa kuchelewa, na sababu yake ni ya kilimo. Kwa karne nyingi kinyesi cha mifugo hakikuwa majitaka. Kilichanganywa na majani makavu ya kulalia mifugo, kikarundikwa, kikapelekwa shambani. Wafaransa Gustave Ducellier na Marcel Isman, waliofanya kazi Algeria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, walichachusha samadi kavu ya namna hiyo kupata gesi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mifugo ilianza kufungiwa kwa maelfu juu ya sakafu zenye nafasi, kinyesi kikaanguka chini na kusukumwa kwa maji. Mbolea ikawa tope jepesi, na shamba la kulipokea halikuwepo tena karibu. Hapo ndipo samadi ilipogeuka kuwa majitaka.

Jimbo la North Carolina nchini Marekani lilionyesha matokeo yake kwa ukatili. Idadi ya nguruwe huko ilipanda kutoka chini ya milioni 3 hadi karibu milioni 10 ndani ya muongo mmoja wa 1990, na kinyesi chao kilihifadhiwa katika mabwawa ya wazi. Juni 1995 ukingo wa bwawa moja katika wilaya ya Onslow ulipasuka, na galoni zipatazo milioni 25, karibu lita milioni 95, zikamiminika hadi Mto New na kuua samaki kwa wingi. Miaka minne baadaye mafuriko ya kimbunga Floyd yalifunika mabwawa mengine mengi. Ulaya ilikuwa imeshapitisha mwaka 1991 sheria ya naitrati, inayoweka ukomo wa kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta katika maeneo yaliyo hatarini. Korea Kusini, ambako samadi ya nguruwe ilikuwa ikimwagwa baharini, ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2012. Kila sheria ya aina hii ilimwachia mfugaji bili ya kusafisha maji, na bili hiyo ndiyo iliyomfanya mtu aulize kama ndani ya maji hayo kuna kitu cha kuuza.

Jibu la mapema zaidi lilitoka Japani. Kuanzia miaka ya 1960 Michiharu Kobayashi wa Kyoto alisafisha majitaka mazito, ya viwanda vya chakula na ya mifugo, kwa bakteria wa zambarau wanaotumia mwanga. Bakteria hao hawapendi sukari kama wanavyopenda tindikali fupi, hivyo majitaka yalichachushwa kwanza, kisha wakapewa. Walinenepa, wakavunwa, wakawa mbolea na chakula cha samaki. Mwaka 1990 Ken Sasaki na wenzake wa Hiroshima walikwenda mbele zaidi: walichukua maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kuozesha kinyesi cha nguruwe, wakafuga ndani yake bakteria aitwaye Rhodobacter sphaeroides, na kuvuna asidi ya 5-aminolevuliniki, maarufu kwa kifupi ALA.

ALA ni kitu cha ajabu kidogo. Ni hatua ya mwanzo ya kutengeneza klorofili kwa mimea na hemu ya damu kwa wanyama. Bakteria wa zambarau huitengeneza ili wapate rangi yao, na kwa kawaida huitumia yote palepale. Sasaki aliongeza asidi ya levuliniki, inayofunga kimeng'enya cha hatua inayofuata, na ALA ikalazimika kuvuja nje. Kwa nini aitake? Mwaka 1984 Constantin Rebeiz wa Illinois alikuwa ameonyesha kwamba mmea ukinyunyiziwa ALA nyingi hujaza majani yake rangi ambazo, jua likiwaka, huunguza chembe zake mwenyewe. Ikawa dawa ya magugu inayooza upesi. Kwa kiasi kidogo hustawisha mmea badala ya kuuua. Kisha matabibu wakagundua kuwa chembe za saratani nazo hukusanya rangi hizo. Marekani iliidhinisha ALA mwaka 1999 kutibu madoa ya ngozi yanayoelekea saratani, na Ulaya mwaka 2007 iliiruhusu kumsaidia daktari mpasuaji kuona uvimbe wa ubongo ukiwaka mwekundu chini ya taa ya buluu. Uchunguzi wa Tappeiner juu ya tindikali za tumboni na ule wa mwanga unaoua ukawa umekutana. Dawa hizo, hata hivyo, hazitengenezwi kwa kinyesi. Uzalishaji mkubwa wa ALA ulihamia kwa bakteria aliyebadilishwa, anayelishwa sukari safi katika tangi lililofungwa. Njia ya nguruwe ilifungua mlango kisha ikaachwa nje.

Afrika Kusini ilitoa matumizi mengine, yasiyo na mvuto wa magazeti lakini yaliyodumu. Katika miaka ya 1970 mhandisi James Barnard wa Pretoria aligundua kuwa bakteria fulani wakipishanishwa kati ya mahali pasipo hewa na penye hewa hunyonya fosforasi kwa wingi kutoka kwenye majitaka, ila ni lazima wapewe kwanza asidi za asetiki na propioniki. Suluhisho lilikuwa kuzitengeneza palepale mtamboni, kwa kuchachusha tope lenyewe. Mji wa Kelowna nchini Kanada ulifanya hivyo kwenye mtambo ulioanza kazi mwaka 1982, na utaratibu huo ukaenea. Tindikali hizi hazikuchujwa, hazikuuzwa, wala hazikuwekwa kwenye chupa. Zilitoka tangi moja zikaingia jingine.

Waliotaka kuziuza walipata shida zaidi. Katika miaka ya 1990 Mark Holtzapple wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alibuni njia ya kuchachusha mabaki ya mimea pamoja na samadi ya nguruwe au kuku, ambayo huwapa bakteria naitrojeni. Alizuia methani kwa kemikali, akatuliza tindikali kwa kalisi, kisha akachoma chumvi zake kupata ketoni, na kutoka hapo pombe za kuendeshea magari. Kemia yake ni ileile ya Chula Vista. Kampuni iliyoanzishwa kuipeleka sokoni ilifilisika mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla, Largus Angenent na wenzake walikuwa wamechapisha makala iliyoipa fani hii sura yake ya sasa: majitaka ya aina yoyote yageuzwe kwanza tindikali fupi, kisha tindikali hizo zirefushwe au zigeuzwe bidhaa nyingine. Kurefusha ni kazi ya Clostridium kluyveri, bakteria aliyetengwa na Horace Barker kutoka kwenye matope ya Uholanzi katika miaka ya 1930, ambaye huunganisha asetiki na pombe kupata asidi ya kaproiki. Faida ya kaproiki ni kwamba haipendi maji, na hujitenga kirahisi.

Kujitenga ndiyo kazi ngumu. Lita moja ya majitaka yaliyochacha vizuri huwa na gramu kadhaa za tindikali, mara chache makumi, na kilichobaki karibu chote ni maji. Asidi ya asetiki huchemka kwa nyuzi 118, propioniki kwa 141 na butiriki kwa zaidi ya 160, kwa hiyo anayetaka kuzipata kwa kukeneka atalazimika kwanza kuyachemsha maji yote. Utando, umeme na viyeyusho hupunguza gharama, lakini kinyesi huziba utando, na amonia yake, ambayo humsaidia mchachushaji kwa kutuliza ukali, huzishika tindikali kama chumvi na kumwia vigumu mtenganishaji. Upande wa pili wa soko ipo asetiki ya viwandani inayotengenezwa kwa methanoli tangu miaka ya 1970, safi na ya bei nafuu. Kwa sababu hiyo, uchachushaji wa samadi umefaulu pale tindikali zinapoliwa na bakteria mwingine bila kuchujwa, iwe wa zambarau, wa fosforasi au wa kutengeneza plastiki, na umekwama kila zilipotakiwa peke yake.

Hali ya Afrika Mashariki inaeleweka kwa kipimo hicho. Tanzania ilianza na mitambo ya biogesi ya mtindo wa Kihindi iliyoletwa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, katika miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, kwa msaada wa Wajerumani, ikaendeleza mtambo wa kuba uliojengwa ardhini kwa ajili ya kaya zinazofuga ndani. Mtambo huo hauhitaji kuchuja chochote: gesi hupanda jikoni, tope hutoka kwenda migombani. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu, tindikali inayoonekana ni ishara kwamba amelisha mtambo kupita kiasi. Uzalishaji wa tindikali utamfaa mwenye mifugo mingi, anayetakiwa na sheria kuondoa fosforasi au naitrojeni kwenye maji yake, na mwenye matumizi ya tindikali hizo hatua chache kutoka bandani.